Maua ya micheri hayanunuliwi kwa tarehe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wale wanaoweka akiba kwa ajili ya kwenda Japani kutazama maua ya micheri, ambayo wenyewe huko huyaita sakura. Matangazo ya safari za namna hiyo yanazunguka kwenye simu za watu hapa Unguja na hata Pemba: siku tano Tokyo, tarehe imeshapangwa miezi minane kabla, picha ya mto uliofunikwa na matawi meupe, na ahadi kwamba wasafiri watayakuta maua yamejaa. Ahadi hiyo hakuna wa kuitoa, si wakala wa safari, si shirika la ndege, wala Wajapani wenyewe. Watu wanaotoa fedha za mchezo wa mwaka mzima wana haki ya kulijua hilo kabla ya kulipa malipo ya kwanza.

Mcheri uliojaza bustani za Tokyo ni wa aina moja, Somei Yoshino. Hauoteshwi kwa mbegu. Hukatwa kitawi cha mti mmoja kikapandikizwa juu ya shina la mwingine, na kwa sababu hiyo miti yote ya aina hii ni nakala za mti mmoja. Ndiyo maana mji mzima unachanua kwa pamoja na kupukutika kwa pamoja. Mkrismasi wetu ukiukosa wiki hii utaukuta wiki ijayo bado umewaka mwekundu. Mcheri haungoji mtu. Tangu ua la kwanza kufunguka hadi mti kujaa ni siku saba hivi. Ukishajaa hukaa karibu wiki moja, na mvua moja yenye upepo huweza kuifanya wiki hiyo ikawa siku tatu. Msafiri wa siku tano akikosea kwa siku nane tu, atakuta vitumba au atakuta majani mabichi.

Wakulima wa Pemba watalielewa jambo hili upesi, maana karafuu nayo ni kitumba cha ua. Mchumaji hukitazama kikitoka kwenye ukijani kuingia wekundu, akajua siku zake zimefika. Kikishafunguka thamani imekwenda. Kwa mcheri hesabu ni ile ile ila imegeuzwa, kwamba kinachotafutwa ni ua lililofunguka. Kitumba huanza kikiwa kidogo, kigumu, rangi ya kahawia. Ncha hupata ukijani, kisha vitumba kadhaa hujitokeza pamoja, kila kimoja na kikonyo chake. Vikonyo vikirefuka na rangi ya waridi ikaonekana, zimebaki siku chache tu. Anayeijua hali hii anaweza kutazama picha za leo za bustani ya Tokyo akiwa Wete na kujua kama wenye matangazo wanasema kweli.

Idara ya Hali ya Hewa ya Japani inao mti wake wa mfano Tokyo, ndani ya viwanja vya hekalu la Yasukuni. Ofisa huenda kuukagua kwa macho. Maua matano au sita yakifunguka, hutangazwa kwamba sakura ya Tokyo imeanza. Yakifika asilimia 80, hutangazwa kwamba imejaa. Kwa wastani wa miaka ya 1991 hadi 2020, kuanza ni tarehe 24 Machi na kujaa ni 31 Machi. Watayarishaji wengi wa safari huishia kwenye wastani huo, na hapo ndipo wanapopotea. Mwaka 2020, 2021 na 2023 maua yalianza tarehe 14 Machi. Mwaka 2024 yalianza tarehe 29 Machi. Aliyepanga safari ya 2024 kwa kufuata picha za 2023, ambapo miti ilikuwa imejaa tarehe 22 Machi, alikuta matawi makavu. Mwaka 2024 kujaa kulikuja tarehe 4 Aprili.

Sababu ya kuyumba huku inajulikana. Vitumba vya mwaka ujao hutengenezwa wakati wa joto la mwaka uliotangulia, kisha vinalala. Kinachoviamsha ni baridi. Visipopata majuma ya kutosha ya baridi kali vitaamka kwa uzito, na ndiyo maana mti huu hauwezi kuchanua Unguja hata ukimwagiliwa kwa mapenzi gani. Baada ya baridi kuviamsha, joto ndilo linalovisukuma. Wajapani wana kanuni ya mkato wanayoitumia sana: kuanzia tarehe 1 Februari, jumlisha joto la juu kabisa la kila siku, jumla ikifika nyuzi 600, maua yako mlangoni. Fanya hesabu mwenyewe. Februari ya Tokyo joto la mchana huwa kama nyuzi 10 au 11, siku 28 zinakupa karibu 300. Machi ikiwa na nyuzi 13 au 14 kwa siku, 300 za pili zitatimia baada ya siku 22 hivi, yaani karibu tarehe 22 au 23 Machi. Machi ikiwa na joto kuliko kawaida, wiki moja inakatwa. Kwa simu yenye intaneti, kazi hii ni ya dakika tano kila Ijumaa.

Hilo la baridi linaondoa pia kosa jingine linalosikika sana, la kudhani kwamba ukienda kusini zaidi utayapata maua mapema zaidi. Kwa kawaida ni kweli, lakini si kila mwaka. Kagoshima iko kusini kabisa ya kisiwa cha Kyushu, na mwaka 2020 ilichanua baada ya Tokyo, kwa sababu majira yake ya baridi yalikuwa na joto mno na vitumba vilichelewa kuamka.

Basi msafiri afanyeje? Anunue siku, tarehe aiachie hali ya hewa. Kwa Tokyo, usiku 10 kuanzia tarehe 26 Machi hadi 5 Aprili ndio mpango ninaouona wa busara. Upimeni kwa miaka niliyoitaja: mwaka wa mapema kama 2023, mtafika miti ikianza kupukutika, jambo ambalo Wajapani wanalipenda sawa na kujaa kwenyewe, petali zikianguka kama mvua na kutandika juu ya maji, mwaka wa kuchelewa kama 2024, mtaondoka siku moja baada ya kujaa. Kama fedha zinaruhusu usiku sita tu, wekeni baina ya 29 Machi na 4 Aprili, kisha muwe na mji wa akiba.

Mji huo wa akiba ndio unaochaguliwa vibaya. Vikundi vingi huunganisha Tokyo na Kyoto. Kyoto ni mji mzuri, lakini kwa maua hauwapi kinga yoyote: wastani wake ni kuanza 26 Machi na kujaa 4 Aprili, siku chache tu nyuma ya Tokyo. Mwaka maua yakiwahi Tokyo, mara nyingi yamewahi na Kyoto. Mwaka 2021 Kyoto ilijaa tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote katika kumbukumbu zake za zaidi ya miaka 1,200. Kinga iko kaskazini na iko mlimani. Sendai kwa wastani huanza tarehe 8 Aprili, na kwa treni ya kasi kutoka Tokyo ni saa moja na nusu hadi mbili. Kwenye ziwa Kawaguchi, chini ya mlima Fuji, maua hukawia kuliko mjini kwa sababu ya mwinuko. Walioteleza kabisa wakapata ruhusa ya kazi mwishoni mwa Aprili tu, waende Hirosaki, katika mkoa wa Aomori, ambako kasri la zamani limezungukwa na micheri ipatayo 2,600. Aomori kwa wastani huanza tarehe 22 Aprili. Hao watahadhari na sikukuu zinazoanza tarehe 29 Aprili hadi wiki ya kwanza ya Mei, kwani Japani nzima husafiri na vyumba huadimika.

Mwaka ukichelewa, msikae hotelini mkisikitika. Bustani ya Shinjuku Gyoen, ambayo kiingilio chake ni yeni 500, ina aina nyingi za micheri, nyingine zinatangulia Somei Yoshino na nyingine, zile zenye maua mazito ya petali nyingi, zinachanua katikati ya Aprili na kuendelea. Bustani ya Rikugien ina mcheri mkubwa wa matawi yanayoning'inia, ambao aghalabu hutangulia kwa siku chache. Bustani mbili hizi zimeokoa safari nyingi.

Sasa viza, ambayo kwa Mtanzania ni lazima. Maombi hupelekwa Ubalozi wa Japani, Dar es Salaam. Karatasi zikiwa kamili, kawaida ni siku tano za kazi tangu maombi kupokelewa, lakini karatasi zetu mara nyingi hazijakamilika: picha haifuati kipimo, taarifa ya benki ina fedha zilizoingia wiki iliyopita tu, au ratiba haielezi kila usiku msafiri atalala wapi. Ratiba ya siku kwa siku ni sehemu ya maombi, na kikundi cha watu 12 chenye ratiba 12 zinazopingana kinajitafutia maswali. Jambo wasiloliangalia wengi ni muda: viza ya kuingia mara moja huwa na uhai wa miezi mitatu tangu itolewe. Aliyeshughulika mapema mno, akaipata mwanzoni mwa Disemba, itakuwa imekufa mwanzoni mwa Machi. Pelekeni maombi baina ya katikati ya Januari na katikati ya Februari. Kabla ya hapo shikeni vyumba vinavyofutika bila malipo, na tiketi ambayo ada yake ya kubadili tarehe imeandikwa. "Inabadilika" ya mdomoni haisaidii. Ulizeni ni dola ngapi, na hadi siku ngapi kabla ya kuondoka.

Kutoka uwanja wa Abeid Amani Karume kuna njia za kuunganisha kupitia Doha, Istanbul au Addis Ababa. Wanaotoka Pemba wawe Unguja siku mbili kabla, maana hiyo ndiyo miezi masika yanapoingia na bahari haiaminiki.

Kwa miaka kadhaa iliyopita maua haya yaliangukia ndani ya Ramadhani. 2023, 2024 na 2025 zote zilikuwa hivyo, na wengi wetu hawakutaka kufunga na kufuturu safarini. Hesabu sasa imehama. Idd el-Fitri ya 2027 inatarajiwa karibu na tarehe 10 Machi, kwa mwandamo wa mwezi, na kila mwaka itarudi nyuma kwa siku 11 hivi. Mlango umefunguka, na nadhani hiyo ndiyo sababu matangazo yamezidi.

Mkishafika, amkeni. Hilo nalitilia mkazo. Mwishoni mwa Machi jua la Tokyo huchomoza kama saa kumi na moja na nusu alfajiri, na anayesali alfajiri ameshaamka. Bustani ya Ueno hufunguliwa saa kumi na moja; kuanzia hapo hadi saa mbili asubuhi mtapita chini ya mamia ya miti bila kusukumana. Saa tano mchana siku ya Jumamosi, njia ile ile haina pa kuweka mguu. Chidorigafuchi, handaki la maji la kasri la mfalme, pana njia ya mita 700 na mashua za kukodi. Foleni ya mashua huwa ndefu, kwa hiyo nendeni siku ya kazi. Mto Meguro una micheri kama 800 kwenye kingo zake kwa karibu kilomita nne, nao ndio ule wa kwenye picha za matangazo. Msiuweke wikiendi jioni pamoja na wazee au watoto. Shinjuku Gyoen hufunguliwa saa tatu asubuhi na pombe hairuhusiwi ndani, jambo linalowafaa wasiotaka kukaa karibu na walevi; katika miaka ya karibuni siku za wikiendi za kilele imehitaji nafasi kuwekwa mapema.

Saa ina jambo zuri ambalo Mswahili peke yake anaweza kulifurahia. Tokyo iko mbele yetu kwa saa sita. Hapa ikiwa saa moja asubuhi, kule ni saa saba mchana, na saa zao za ukutani zinaonyesha 1:00. Maana yake, saa ya mkononi iliyotegwa kwa hesabu ya Kiswahili itasoma sawasawa na saa za Tokyo bila kuguswa.

Kibla kimewachanganya wengi. Sisi huku tumezoea kuelekea kaskazini; mkiwa Tokyo kibla ni magharibi, kikipanda kaskazini kidogo. Msikiti mkubwa, Tokyo Camii, uko karibu na kituo cha treni cha Yoyogi-Uehara, na bustani ya Yoyogi, ambayo nayo ina micheri, haiko mbali.

Chakula kinahitaji uangalifu kuliko inavyodhaniwa. Nchi ya samaki na wali huonekana rahisi kwa mtu wa pwani, lakini tatizo limo ndani ya mchuzi: mirin na sake, zote za pombe ya mchele, hutiwa kwenye rojo za kupakia samaki, na supu za tambi nyingi hupikwa kwa mifupa ya nguruwe. Samaki aliyechomwa kwa chumvi tupu ni salama kuliko aliyepakwa rojo. Vitamu vya msimu, kama sakuramochi, keki ya mchele iliyofungwa kwa jani la mcheri lililotiwa chumvi, kwa asili ni mchele na maharage matamu. Vile vya jeli vya dukani ndivyo vya kuulizia. Mtaa wa Asakusa una mikahawa inayoandika halali mlangoni.

Baridi isidharauliwe. Mchana ni nyuzi 14 hadi 18, usiku hushuka hadi tano au sita, na Wajapani wana neno kabisa la baridi inayorudi ghafla wakati wa maua, hanabie. Kipupwe chetu si kitu. Koti linalozuia upepo, soksi, viatu vya kufunika; makubadhi yaacheni nyumbani. Umeme wao ni volti 100 na soketi ni ya pini mbili bapa, kwa hiyo plagi zetu za pini tatu zinataka adapta. Chaja za simu zitafanya kazi, pasi ya nywele ya kutoka nyumbani haitapata moto wa kutosha.

Kuhusu fedha, jihadharini na mtu anayewauzia tiketi ya treni ya nchi nzima. Ya siku saba, daraja la kawaida, ilipanda hadi yeni 50,000 mwezi Oktoba 2023. Kwenda Sendai ni kama yeni 11,000 na kurudi vivyo hivyo, chini ya nusu ya bei hiyo. Mjini inatosha kadi ya Suica au Pasmo, unaijaza na kugusa getini. Shilingi msizitegemee huko. Mashine za fedha za 7-Eleven na za posta hupokea kadi za nje, lakini iarifuni benki yenu kabla ya kuondoka isije ikaifunga kadi.

Chini ya miti hutandikwa jamvi na viatu huvuliwa, kama mkekani kwetu. Msitingishe tawi ili petali zianguke kwa ajili ya picha, msivunje hata kitawi: mcheri ukijeruhiwa huoza kirahisi kutoka kwenye kidonda. Msikanyage udongo wa karibu na shina, mizizi iko juu juu. Mapipa ya taka ni machache, kila mtu hurudi na uchafu wake mfukoni.

Mhariri, nina maombi mawili. Wanaotangaza safari hizi kupitia gazeti lako waandike wazi ndani ya tangazo idadi ya usiku, ada ya kubadili tarehe, na mji wa akiba ni upi. Na kwako wewe: kampuni za utabiri za Japani huanza kutoa tarehe za maua mwezi Januari na kuzirekebisha mara kwa mara hadi Machi. Mistari miwili kila Ijumaa, Tokyo tarehe fulani, Sendai tarehe fulani, haitakula nafasi kubwa kwenye ukurasa wa nyuma, na kikundi cha Mkoani au Makunduchi kitaweza kupiga simu kubadili tiketi kungali na muda.

Msomaji wako,
Kikwajuni, Unguja